Mwathirika, mvamizi, mguswa: majina matatu ya mkazi wa bonde la Msimbazi

Mama yangu mdogo ana kopo la biskuti ambalo halijawahi kukaa na biskuti tangu nilijue. Ndani yake kuna risiti za kodi ya jengo, rundo la karatasi za LUKU zilizofifia, kadi ya mpiga kura, na kijikaratasi chenye namba ya hema aliyopewa baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Siku greda lilipoingia mtaani kwao Mkwajuni, Desemba 2015, alitoa kopo hilo nje kabla ya kitanda. Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, nikaitwa kusaidia kubeba vyombo. Nilidhani amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nasoma sheria za ardhi na maafa kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameokoa ushahidi.

Ushahidi wa nini, sasa? Hapo ndipo pana hadithi. Katika muda wa miaka kumi na mbili hivi, mkazi wa bonde la mto Msimbazi jijini Dar es Salaam amepewa majina matatu na serikali ile ile. Mwaka 2011 aliitwa mwathirika. Mwaka 2015 akaitwa mvamizi. Kuanzia 2022 akaitwa mguswa wa mradi. Mtu ni huyo huyo, mto ni huo huo, kiwanja hakijahama hata hatua moja. Kilichobadilika ni sheria iliyokuwa mezani siku hiyo.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unakata jiji katikati, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya daraja la Selander. Ni mto mfupi, kama kilomita 35 tu. Wakati wa kiangazi unaweza kuuvuka sehemu nyingi bila kulowesha magoti. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanateremka kwa kasi hadi yanapofika Jangwani, ambako ardhi inalala. Hapo mto unapoteza nguvu, unatua mchanga wote uliobeba, na maji yanatafuta pa kwenda. Bahari ikiwa imejaa saa hiyo hiyo, mlango umefungwa. Maji yanarudi nyuma, yanaingia vyumbani. (Ndiyo, mahali panapoitwa Jangwani ndipo panapozama kila msimu. Mashabiki wa Simba hawajawahi kuacha kuwakumbusha wenzao wa Yanga jambo hili, na ndiko lilikotoka jina la vyura.)

Mara nyingi husikia watu wakisema kwamba tatizo ni kutojua, kwamba watu walijenga bondeni kwa sababu hakuna aliyewaambia ni hatari. Ukifungua mafaili utaona mambo mengine. Mpango wa jiji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya wahandisi wa Kiingereza ya Alexander Gibb, uliacha mabonde ya vijito yakiwa wazi. Sababu haikuwa mafuriko peke yake. Wapangaji walitaka njia za kupitisha upepo wa bahari, na walitaka nafasi tupu zitakazotenganisha makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika. Kwa hiyo bonde lilianza maisha yake ya kisheria kama ukuta usio na matofali. Nadhani hili lina uzito wake, maana uhuru ulipokuja, ukuta wa aina hiyo haukuwa na mtu wa kuutetea.

Ukaja Mpango Kabambe wa 1968, ukaja mwingine wa 1979, wote ukiwa na mkono wa makampuni ya Kanada. Ule wa 1979 uliliweka bonde la Msimbazi katika ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Kwa hiyo tangu mwaka huo, kabla sijazaliwa na kabla mama mdogo hajafika mjini kutoka Kilosa, ramani ilikuwa inajua.

Ila ramani haina mikono. Angalia kilichokuwa kinaendelea pembeni. Sensa ya 1967 ilikuta jiji likiwa na watu chini ya laki tatu, ile ya 1978 ikakuta mkoa mzima una zaidi ya laki nane. Na katika kipindi hicho hicho halmashauri za miji zilikuwa zimefutwa. Serikali ilizivunja mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, ikazirudisha 1978 baada ya kuona huduma za miji zimeoza. Yaani jiji liliongezeka karibu mara tatu huku chombo cha kulisimamia hakipo kwa sehemu kubwa ya muda huo. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache, foleni ndefu, na aliyetaka kuishi karibu na Kariakoo kwenye kazi alitafuta palipo wazi. Palipo wazi ni pale ramani ilipopakatazia. Leo inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopangwa, hivyo sidhani kama ni haki kuwasema wa bondeni peke yao.

Mchezo huo wa kuvunja na kuunda haukuishia hapo. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena 1996 na kuwekwa tume, zikaja manispaa tatu mwaka 2000, kisha Ubungo na Kigamboni zikaongezwa, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa kwa mara nyingine, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Sasa wewe jiulize: mto unaoanzia Kisarawe, ukapita Ilala, ukapokea vijito vya Ubungo na kupakana na Kinondoni, ni wa nani? Mchanga unaochimbwa au kumomonyoka juu unatua kwa mwenzako chini. Kila aliyekaa ofisini alikuwa na kipande chake cha mto na sababu nzuri ya kumwangalia jirani.

Turudi kwenye majina.

Jina la kwanza, mwathirika, linatokana na Sheria ya Kuratibu Misaada ya Maafa Na. 9 ya mwaka 1990. Soma hilo jina polepole: kuratibu misaada. Sheria ile iliunda kamati ya kitaifa, iliyojulikana sana kwa kifupi chake cha Kiingereza, TANDREC, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha unga, mablanketi, mahema na dawa vinafika. Haikuwa sheria mbaya kwa wakati wake. Nchi ilikuwa imezoea ukame na njaa, na njaa hukabiliwa kwa magunia. Lakini ilimwona mtu baada ya tukio tu. Kabla ya maji kuingia ndani, mbele ya sheria ile mkazi wa Mkwajuni hakuwepo kabisa. Sera ya Taifa ya 2004 ilijaribu kuzungumzia kinga na maandalizi, ila sera haimpeleki mtu mahakamani.

Desemba 2011 sheria hiyo ilipata mtihani. Wiki mbili hivi baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya uhuru, mvua ya siku tatu, tarehe 20 hadi 22, iliangusha maji ambayo wataalamu wa hali ya hewa walisema jiji halijawahi kuyaona tangu uhuru. Zaidi ya watu 40 walikufa. Maelfu walilala shuleni na kwenye mahema. Serikali iliwapeleka wengi Mabwepande, kaskazini mwa jiji, ikawapa viwanja. Mama mdogo hakupata kiwanja kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imesimama, maji yaliishia kwenye madirisha. Alipata namba ya hema, akakaa nalo mwezi mmoja, akarudi kupiga deki.

Waliokwenda Mabwepande nao wengi hawakukaa. Ukiwauliza, jibu lao ni la hesabu, si la ukaidi. Mama anayekaanga mihogo Kariakoo anahitaji kuwa Kariakoo alfajiri. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mabwepande inakula faida yote, na wakati ule huduma kule zilikuwa chache. Wakauza viwanja wakarudi walikotoka. Magazeti yakaandika kuwa watu wa mabondeni hawasikii. Mimi naona kilichotokea ni kwamba sheria ya misaada ilifanya ilichojua, ikamhamisha mwathirika. Kazi yake haikuhamishwa, kwa sababu hakuna kifungu kilichoizungumzia.

Jina la pili lilikuwa likisubiri katika kabati lingine. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 7, inataja ardhi hatarishi, na ndani yake imo ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo inataka pia kuwe na utaratibu kabla ya ardhi kutangazwa hivyo: watu waarifiwe, wasikilizwe. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo hizo 60. Hii ya pili ndiyo ikawa nyundo. Mita sitini, basi. Ukiwa ndani ya kipimo wewe ni mvamizi, hata kama ulinunua kwa mashahidi mbele ya mjumbe, unalipa kodi ya jengo, na shirika la umeme limekufungia mita.

Cha kushangaza ni mwaka wenyewe. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 7, ikaifuta ile ya 1990. Mpya ilibadilisha hata lugha: kutoka kuratibu misaada kwenda kusimamia maafa, yaani kuzuia, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali. Kwenye karatasi, ilikuwa hatua kubwa. Na mwaka huo huo, Desemba, bondeni Msimbazi kinga ilifika kweli, ila haikuja kupitia sheria hiyo. Ilikuja na rangi nyekundu, alama ya X ukutani, na greda nyuma yake. Bomoabomoa ikaanza, ikasimama kidogo kwa ajili ya sikukuu, ikaendelea Januari 2016.

Nakumbuka vijana wawili wakiwa na futi ya kamba. Mmoja alishika ncha kwenye ukingo, mwingine akatembea. Mzee mmoja akawauliza, "Wanangu, mnapimia ukingo upi? Wa mwaka gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Leo nikilifikiria swali lile naona lilikuwa la kisayansi kuliko kifungu cha 57. Mto wa Msimbazi unahama. Huko juu, Kigogo na Vingunguti, kingo zinabomoka kila msimu, na nyumba iliyokuwa mita 80 inaweza kujikuta mita 40 bila mwenye nyumba kusogeza tofali. Huko chini Jangwani, uwanda wa mafuriko una upana wa mamia ya mita, kwa hiyo aliye mita 150 analala majini na sheria inamwona yuko salama. Kipimo kimoja kwa nchi nzima, kuanzia Msimbazi hadi Rufiji, ni rahisi kukisimamia kwa kamba, lakini hakipimi hatari. Hatari inapimwa kwa kuuliza maji ya mvua kubwa, ile inayotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 50, yatafika wapi. Mstari huo unapinda, unapanda na kushuka kufuata ardhi, na lazima uchorwe upya kadiri jiji linavyoezekwa mabati na kumwagwa lami, na kadiri mvua zenyewe zinavyozidi kuja kwa vishindo.

Na kulikuwa na jambo lililowaudhi watu kuliko hata greda. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na karakana yake kuu ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani. Bondeni kabisa. Mwaka 2018 mafuriko yakaingia na kuharibu mabasi. Sitaki kusema wahandisi hawakujua. Ninachosema ni kwamba sheria iliyokuwa na nguvu ya kumwondoa mkaanga mihogo haikuwa na nguvu ya kuuzuia mradi wa umma uwanda ule ule. Utawala wa majanga ukiwa hivyo, raia anajifunza kwamba suala ni nani ana barua ya nani.

Baadhi ya wakazi walikimbilia mahakamani, na zuio likaokoa nyumba za waliokuwa kwenye orodha ya kesi. Jirani wa mama mdogo, fundi cherehani, jina lake lilikuwemo. La mama mdogo halikuwemo. Siku ya kukusanya majina alikuwa Kilosa msibani. Nyumba ya fundi ikabaki. Ya mama mdogo ikawa kifusi kabla ya saa nne asubuhi.

Sheria ya 2015 nayo haikudumu. Mwaka 2022 ikafutwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6, ambayo inashusha kamati kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji, na inaweka mfuko wa maafa. Nimeisoma mara nyingi, na kwa kweli ni bora kuliko zilizotangulia. Wasiwasi wangu uko kwenye mfuko. Desemba 2023 tope lilipoporomoka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, nchi ilichangishana kama ilivyozoea na nyumba mpya zikajengwa. Huo ni utu, na tunao. Lakini mchango hutolewa kwa picha ya kifusi. Hakuna anayechangia ukuta wa kuzuia tope ambalo bado halijashuka. Hiyo ni kazi ya bajeti, na kamati ya kata isiyo na fungu lake la fedha itabaki kuwa orodha ya majina ukutani.

Sasa jina la tatu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, Hispania na Uholanzi nao wakaongeza. Mpango ni kupanua njia ya mto, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi na kuifanya sehemu ya bonde kuwa bustani. Safari hii mstari ulichorwa kwa kukokotoa mafuriko, na waliokuwa ndani yake wakaandikwa, wakathaminiwa na, kuanzia 2023, wakalipwa kabla ya kubomoa. Wakaitwa waguswa. Fundi cherehani alikuwa mmojawao.

Kwa nini mvamizi wa 2015 akawa mguswa wa 2023? Sheria ya mazingira haikubadilika kwenye mita sitini. Sheria zetu za fidia bado zinaanza na swali la nani ana haki ya kumiliki. Tofauti ilitoka kwenye masharti ya mkopeshaji. Benki ile ina viwango vyake vya kijamii vinavyotaka hata asiye na hati alipwe thamani ya alichojenga na asaidiwe kuhama. Kwa maneno mengine, haki ya fundi cherehani ilikuja kama kiambatisho cha mkataba wa mkopo. Mradi ukiisha, inaondoka nao. Mkazi wa bonde lingine lisilo na mfadhili, tuseme mto wa mji mdogo wowote mkoani, yuko pale pale alipokuwa mama mdogo asubuhi ile.

Hapa ndipo ninapoona kazi iliyobaki kwa watunga sheria wetu, na si kazi ya kutisha. Kifungu cha fidia na kuhamishwa kwa heshima kinaweza kuandikwa ndani ya sheria ya maafa yenyewe, bila kujali nani analipia mradi. Mita sitini zinaweza kubaki kama kipimo cha mahali ambapo bado hapajapimwa, huku kwingine mstari wa mafuriko ukitangazwa na kubandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mtu anayetaka kununua kiwanja anaweza kuuona kabla hajatoa pesa. Na mto mmoja uwe na msimamizi mmoja mwenye kauli ya mwisho, juu ya manispaa na juu ya miradi ya serikali yenyewe. Hili la mwisho litakuwa gumu kuliko yote. Anayeombwa kutunga sheria ndiye anayeombwa kujifunga.

Mama mdogo siku hizi anaishi Chanika. Mwaka jana nilimpelekea nakala ya tasnifu, akaangalia ramani zake zaidi ya maneno. Akatafuta Mkwajuni kwa kidole, akaipata. Kisha akaenda chumbani akarudi na kopo la biskuti, akalifungua, akaniuliza kama zile risiti za kodi ya jengo bado zinaweza kumsaidia, maana amesikia wenzake wamelipwa. Nilimweleza kuhusu tarehe ya uthamini, kuhusu mstari, kuhusu orodha ya kesi. Alisikiliza mpaka mwisho, akazirudisha risiti ndani na kulifunga kopo.